Ondoa É, tia S



Mwezi huu, katika masomo yetu ya Kingereza, tunabaki ku herufi moja tu: S. Wengi wenu munajifunza kwa kukariri, leo maneno kumi, kesho kumi, na siku ya posho ikifika yote yamekwisha kutoka kichwani. Mimi vilevile nilipita kwa njia ile. Nilikuwa na kaye moja nene. Nikaandika maneno ya A, nikafika B, nikachoka.

Kisha siku moja nilikuwa nasoma Matendo ya Mitume sura 9, Kifaransa ku mukono wa kuume, Kingereza ku mukono wa kushoto. Pale Sauli anapopata kuona tena, Kifaransa kinasema « écailles », Kingereza kinasema « scales ». Ni magamba, kama yale ya samaki. Nikatazama maneno haya mawili muda murefu. Ondoa É ya mbele, tia S: kumbe ni neno moja!

Nikaanza kutafuta ndugu zake. « École », « school ». « Étude », « study ». « État », « state ». « Étranger », « stranger ». « Épice », « spice ». « Éponge », « sponge ». « Épouse », « spouse », lakini Waingereza wanaliita hivyo hata bwana, si bibi tu. Nikapata na yale ambayo hayaonekani kila siku: « écureuil », « squirrel », ni kindi, yule munyama mudogo wa kurukaruka ku miti, « écarlate », « scarlet », rangi nyekundu sana, « étrangler », « strangle », kunyonga shingo. Tena maneno ya kazi: « échafaudage », « scaffold », ile miti na mbao ambayo wajenzi wanapanda juu yake, « équerre », « square », chombo cha seremala cha kupima pembe. Kijana aliyemaliza masomo kwa Kifaransa iko na maneno haya tayari ndani ya mufuko wake. Hajui tu kama ni Kingereza.

Namna gani ikawa hivi? Sababu ni ulimi. Kilatini kilisema « schola ». Watu wa Ufaransa wa zamani walishindwa kuanza neno kwa S inayofuatwa na konsonanti, wakatia E mbele kama ngazi ya kupandia: « escole ». Sisi vilevile tunajua shida hii. « Steamer » ya Waingereza tumeiita sitima, tukaingiza i katikati. Baadaye ile S ya Wafaransa ikanyamaza mudomoni, lakini ikabaki ku karatasi. Mwaka 1740 kamusi ya Académie française ikaondoa S nyingi ambazo hazikusikika tena, na alama ikawekwa juu ya E. Waingereza wao walikuwa wamekwisha kutwaa maneno yao zamani, mengine katika Kilatini chenyewe, mengine kwa Wanormandi waliotoka Ufaransa wakawashinda mwaka 1066. Nao S yao hawakuitupa. (Ile kofia juu ya « hôpital », « forêt » na « fête » ni habari ileile: « hospital », « forest », « feast ». Lakini hiyo si ya mwezi huu.)

Angalia vizuri: njia hii inafaa tu kama nyuma ya É kuko C, P, T ao QU. « Éléphant », « élève » na « église » hawamo katika jamaa hii. Musiandike « slephant » ku testi, watu watacheka.

Sasa niseme kosa langu.

Niliwafundisha vijana wa kanisa letu jambo hili kwa furaha nyingi, nikajaza tablo yote. Mumoja wao, fundi wa mashini, akaitwa kufanya testi ya kazi kwenye mugodi. Hapa kwetu munajua ilivyo: kapita anaweza kuwa mutu wa Zambia ao wa Afrika ya Kusini, na amri zinatoka kwa Kingereza. Siku ya yenga, kisha ibada, kijana alinifuata nje.

« Baba pasta, balinikatala. »

« Shauri ya nini? »

« Kapita alisema nilete “screw”. Mi nikakumbuka ile ya tablo, É inatoka, S inaingia. Nikaleta “écrou”. Akanitazama, akasema nirudie. Nikaleta “écrou” ya mukubwa. »

Nilikosa la kujibu. Ni kweli maneno haya mawili yalitoka tumbo moja, Waingereza walitwaa « escroue » ya Kifaransa cha zamani. Lakini njiani yaliachana. « Écrou » ni kile chuma chenye tundu, na Waingereza wanakiita « nut », jina lilelile la karanga na mbegu za ganda gumu. « Screw » yao ndiyo « vis » yetu. Mimi nilikuwa nimeandika « écrou, screw » ku tablo bila kufungua kamusi. Kijana alinisadiki kwa sababu mimi ni pasta.

Jioni ile nilitwaa kaye yangu na kalamu nyekundu, nikapita neno kwa neno. Kila neno ambalo sikulihakikisha ndani ya kamusi, nikalitia alama. Niliona aibu, alama zilikuwa nyingi. « Étage » ni gorofa ya nyumba, lakini « stage » ya Kingereza ni jukwaa, tena si ile « stage » ambayo vijana wetu wanafanya bila mushahara. « Étain » ni bati, ile ya Manono. Ukiondoa É na kutia S unapata « stain », nayo ni doa ku nguo! Bati kwao ni « tin ». Na « scale » ile ya magamba iko na mwenzake wa jina moja asiyetoka Ufaransa kabisa: ni mizani. Mwenye kuuza madini ku depo alijue hilo mbele ya lingine.

Basi, kaye yenu iwe na safu tatu: Kifaransa, Kingereza mulichokisia, na maana mulioiona ndani ya kamusi. Safu ya tatu ikiwa wazi, neno lile musilipeleke kazini.

Yule kijana alikaa miezi mitatu bila kazi, kisha akapata pahali pengine. Hakuacha kuja ku masomo, ingawa sasa ananiuliza mara mbili. Juma lililopita alileta neno ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Alilisoma ku karatasi ya huduma ya kwanza iliyobandikwa ku ukuta wa atelie yao: « stanch », kuzuia damu isiendelee kutoka. « Njo “étancher”, baba pasta », akasema. Nikanyosha mukono nitwae kamusi.

« Apana », akasema, « mi nimekwisha kuangalia. »