Kikoa cha Fasihi: Tuwakaribishe Marafiki kwa Utungo

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Je, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunacheza kwetu? Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo 2021, hotuba hazijapungua kumbini. Hata hivyo, tunapoalikana vyumbani mwetu, fasihi huachwa mlangoni pamoja na viatu. Huko maktabani inangoja mtihani.

Ni maoni yangu kwamba karamu ya marafiki ndiyo mahali pake halisi. Fasihi yetu haikuzaliwa darasani. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Fumo Liyongo akiwa kifungoni alitunga wimbo wa kumwagiza mama yake, kupitia kwa kijakazi Saada, amfichie tupa ndani ya mkate. Kisha ngoma ya gungu ikachezwa, na vishindo vyake vikaifunika sauti ya tupa ikikata pingu. Utungo, chakula na ngoma vilimkomboa mtu. Nayo mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa vinywani mwa watu hadi yalipokusanywa na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Lau watu wale wangalisubiri mitihani, leo tungekuwa na nini cha kuhakiki?

Napendekeza basi turejelee kikoa. Mwenyeji achague utungo mmoja na kuutangaza wiki moja kabla. Kila mgeni alete chakula kidogo pamoja na kifungu alichokizoeza ulimi. Tuseme umechaguliwa mchezo wa *Kinjeketile* wa Ebrahim Hussein, uliochapishwa 1969. Wageni wagawane sehemu, wasome kwa sauti, kisha wali unapopakuliwa waulizane: je, Kinjeketile alifanya vyema kukataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, ilhali watu walikuwa wamekwisha kufa? Swali hilo halihitaji nadharia wala alama. Linahitaji watu wenye dhamiri na mwenyeji anayejua kunyamaza.

Yamkini wapo watakaodai kuwa huku ni kugeuza starehe kuwa mhadhara. Hofu hiyo ina msingi, nami naafiki kwamba anayemkatiza mgeni ili amsahihishe ngeli hastahili kualika watu. Wengine wataridhika na mapambo: kanzu, leso zenye majina na picha za malenga ukutani. Mapambo si haramu, lakini karamu ambamo utungo haukusikika ni maonyesho ya mavazi tu.

Aidha, tusialikane sisi kwa sisi. Tumwalike mwanafunzi wa uhandisi na yule wa udaktari, ambao pengine waliagana na fasihi ya Kiswahili siku walipomaliza shule ya upili. Wengi wetu tutakuwa walimu. Ikiwa hatuwezi kumfanya rafiki aliyeshiba apende utenzi kwa saa moja, tutamfanyaje mtoto mwenye njaa aupende saa nane mchana? Huko ndiko fasihi itakakoishi au kufia.

Muhula huu basi, kila msomaji wa jarida hili aalike watu watano. Sufuria moja ya pilau na nakala moja ya kitabu vinatosha.