Simulatere ya mbio ni daftari, si diplome

Kuna swali moja linaloingia katika nyumba zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, sana sana wakati prime ya mwisho wa mwaka inakaribia. Kijana anamwambia baba yake: « Papa, uniuzie usukani ya ordinatere. Haiko ya kucheza, niko najifunza kwendesha motokari ya mashindano. » Baba ametoka ku kazi ya usiku, vumbi ingali ku viatu. Anahesabu kichwani: dola mia mbili, mia tatu, kwa usukani wa plastiki? Na minervale ya wadogo zake itatoka wapi? Mama naye anatoa yake kutoka jikoni: « Ile njo michezo inakulaka masomo ya batoto. »

Sisi tunaona swali hili halipashwe kujibiwa kwa hasira, wala kwa ndoto. Tunasema hivi: simulatere inafaa kama ni shule. Haifai kama inachukua nafasi ya motokari yenyewe. Tueleze kwa nini.

Kwanza, tujue ni kitu gani. Simulatere ya mbio si ule muchezo wa zamani ambamo unagonga ukuta na kuendelea kama hakuna kitu. Ni programu ya ordinatere, pamoja na usukani wenye moteri ndani yake: ukikata kona mbaya, usukani unakuvuta mikono. Chini kuna pedali za mafuta na za freni. Kwa intaneti, unashindana na watu wa inchi zingine wakati ule ule. Programu moja inayojulikana sana, iRacing, ilianza huko Marekani mwaka 2008. Wenye kuitengeneza wanapima viwanja vya kweli kwa miali ya lezeri, na kila kifundo cha barabara kinabaki pahali pake. Kijana ambaye hajakanyaga Ubelgiji anaweza kujua kona za Spa-Francorchamps moja kwa moja, kama vile muchimbaji anavyojua njia ya kushuka shimoni.

Je, kuna watu waliofika mbali kwa njia hii? Wako. Mwaka 2008 Nissan na Sony walianzisha shindano liitwalo GT Academy: wachezaji wa Gran Turismo walikuwa wanashindana ku ekra, na wenye mbio zaidi walikuwa wanapewa motokari ya kweli. Wa kwanza kushinda alikuwa Lucas Ordóñez wa Hispania. Miaka mitatu kisha, mwaka 2011, alimaliza wa pili katika kundi la LMP2 ku mbio ya saa 24 ya Le Mans. Mwaka ule ule, Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda GT Academy akiwa na miaka 19. Mwaka 2013 naye akamaliza wa tatu katika kundi lile lile, pale pale Le Mans. Huko Marekani, William Byron alijifunza mbio ku iRacing nyumbani kwao mbele ya kuingia motokari za kweli. Ameshinda Daytona 500 mara mbili, mwaka 2024 na mwaka 2025.

Habari hizi ni za kweli, na vijana wetu wanazijua kuliko sisi. Lakini wengi wanazisoma nusu. Mushindi wa GT Academy hakutoka ku kiti cha nyumbani akaingia Le Mans kesho yake. Walipelekwa Silverstone, Uingereza, wakapimwa katika motokari za kweli, mbele ya waalimu wa kweli. Kisha wakakimbia mbio ndogo ndogo kwa miezi mpaka wakapata ruhusa ya kushindana. Byron naye alianza na vimotokari vidogo vya mashindano, akapanda ngazi moja moja. Max Verstappen, bingwa wa dunia wa Formule 1 kuanzia 2021 mpaka 2024, anapenda simulatere sana, hata inafika usiku wa manane angali mbele ya ekra. Lakini yule alikalia karting akiwa mutoto wa miaka minne. Simulatere iliongeza juu ya kitu kilichokuwako tayari.

Kuna kipande kingine ambacho wengi hawapendi kukisoma. Mwezi wa tatu 2015, ku kiwanja cha Nürburgring, Ujeremani, motokari ya Mardenborough iliinuka mbele kwa upepo, ikaruka, ikavuka uzio. Mutu mumoja aliyekuja kutazama mbio akafa. Ku ekra, motokari ikiruka, unabonyeza kidude na unaanza tena. Kule hakuna kidude.

Wasomaji wetu wa mugodi wanaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Katika migodi mikubwa ya dunia, shofere wa dumper ya tani mia moja anaanza leo ndani ya simulatere. Anajifunza kushuka rampe, kurudi nyuma pahali pa kumwaga, kujua la kufanya kama freni inakataa ao pine inapasuka. Kampuni inafanya vile sababu kosa ndani ya simulatere halivunji kitu na haliui mutu. Lakini hakuna shefu wa kazi anayechukua kijana ku simulatere na kumpa dumper peke yake usiku wa mvua. Kwanza anakaa na shofere wa zamani kando yake, anasikia uzito wa mashini unavyosukuma ku muteremko, anaona matope yanavyodanganya mapine. Mwili unajifunza pole pole.

Ku mbio ni vile vile. Simulatere inafundisha macho: kuangalia mbali, kujua pahali pa kupiga freni, pahali pa kuingia kona na kutoka. Inafundisha mikono kutulia. Inafundisha pia heshima, sababu kama unagonga wenzako kila siku, unashushwa daraja na unabaki kushindana na wagongaji wenzako. Lakini haifundishi mwili. Shofere wa Formule 1 akipiga freni kwa nguvu, anavutwa na uzito unaofika karibu mara tano ya uzito wake. Hata ku karting ndogo, mbavu zinauma, shingo inachoka, jasho inaingia machoni. Na haifundishi woga. Woga wa kweli, ule unaokufanya uinue muguu kwa wakati, haukai ndani ya ekra.

Basi, kwa shofere wa mapendo, yule asiyelipwa na anayekimbia kwa furaha, je, feza inarudi? Tunasema ndiyo, kwa hesabu. Mbio ya kweli inakula mapine, mafuta, vipande vya kubadilisha, na safari. Inchi yetu haina kiwanja kikubwa cha mbio kinachokubaliwa ku mashindano ya kimataifa. Mwenye kutaka kuona rally karibu anavuka Kasumbalesa aende Zambia. Kwa mutu wa namna hii, saa mia moja za simulatere ni saa mia moja ambazo angelipia kwa pine na mafuta. Akifika siku ya kukalia karting ao motokari ya kweli, hapotezi ile siku kwa kujifunza mambo ya kwanza.

Lakini hesabu ya kwetu iko na mistari mingine. Kuran inakatika katikati ya mbio. Mega zinaisha. Intaneti ikichelewa, mupinzani unayemwona mbele yako amekwisha kupita kona. Kwa hiyo tunashauri kijana aanze bila intaneti, ku programu inayolipwa mara moja tu, na usukani wa mukono wa pili. Kama feza ni kidogo, afazali pedali nzuri ya freni kuliko usukani wenye taa, sababu wengi wanapoteza wakati ku freni. Na mbele ya kununua kitu chochote, ajaribu kwa rafiki mwezi muzima. Hamu ya wengi inaisha mbele ya mwezi.

Mzazi naye asikatae tu, apime. Akae nyuma ya kijana, amwambie: « Zunguka kiwanja kimoja mara kumi, motokari ile ile, bila kutoka ku njia, na saa ya kila muzunguko ikaribiane na ya mwingine. » Kama kijana anaweza, yuko anajifunza kweli. Kama kila mara ya tatu yuko ndani ya majani na anacheka, ni muchezo. Muchezo si zambi, lakini haulipiwi na minervale ya mutoto mwingine. Na ile feza inayotengwa, igawanywe mbili: nusu ya vyombo, nusu ibaki kwa siku za kukalia kitu chenye magurudumu ya kweli, na kofia ngumu ya kichwa, na mwalimu pembeni.

Tunamaliza na jambo linalotuuma zaidi. Barabara ya Likasi kwenda Kolwezi si kiwanja cha mbio. Kuna makamyo yaliyobeba shaba, kuna baiskeli zenye makala, kuna watoto wanaotoka masomo. Kijana aliyeshinda usiku ku ekra anaweza kuamka asubuhi akifikiri amekuwa shofere. Anachukua motokari ya mujomba wake na anakata kona kama pale Spa. Pale Spa wote wanaelekea upande mumoja. Hapa kwetu kamyo inakuja mbele yako, na shofere wake hajalala tangu Kasumbalesa.

Wazazi, kama munamununulia kijana usukani, mumuambie neno hili siku ile ile, mbele hajafungua kartoni. Na wewe kijana, kama unataka tuamini kama simulatere imekufundisha kwendesha, usituonyeshe saa zako za ku ekra. Mupakize mama yako, mupite naye ku ile barabara, afike bila kushika mulango hata mara moja.