Jamani, mjumbe hauawi!

Najua wiki ya tatu hii sijaandika kitu, testi zilinibana kweli kweli. Leo nimepata upenyo, na lile jambo nililotoka nalo likizo bado linanikera, kwa hiyo nivumilieni.

Mjomba wangu anaendesha teksi, Toyota IST ya mtu, na kila Jumapili anapeleka hesabu kwa mwenye gari. Nilipofika nyumbani nikamkuta amekaa kibarazani saa nne asubuhi. Saa nne! Dereva wa teksi saa hizo yuko barabarani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, halafu akanipeleka kwenye gari kunionyesha dashibodi. Ile taa ya njano yenye picha ya injini inawaka.

Kumbe ilikuwa na mwezi. Fundi wa kwanza alichomoa waya wa betri, taa ikazima, akalipwa. Siku mbili mbele ikarudi. Wa pili alikuwa na mashine ya kupimia, akasoma kwamba hewa imezidi petroli, akasema sensa ya oksijeni imekufa. Mjomba akanunua ya mtumba. Taa ikarudi. Eti na hiyo nayo ni mbovu, nunua nyingine! Hesabu ya wiki mbili imeliwa na sensa, na gari ikisimama kwenye foleni bado inatetemeka kama ina homa.

Mimi si fundi, mimi nasomea ualimu. Lakini nilikuwa na kidude cha Bluetooth nilichoazima kwa mwenzangu wa chumbani, kile kinachochomekwa kwenye soketi chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. (Ukinunua, uliza kwanza kama kinasoma gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani, maana vingine vinagoma.) Zikaja kodi mbili: P0171 na P0302. Ya kwanza ndiyo ile ya hewa kuzidi petroli. Ya pili inasema silinda namba 2 inamisi. Fundi aliishia kwenye ya kwanza.

IST ina koili nne, kila plagi na yake. Tukazima gari, tukaacha injini ipoe, tukachukua spana namba 10, tukahamisha koili ya silinda ya 2 kwenda ya 3, na ya 3 kuja ya 2. Nikafuta kodi, mjomba akazunguka mtaa. Ikaja P0303. Ugonjwa umehama na koili! Tukanunua koili moja tu, na taa mpaka leo haijarudi.

Sasa hapa ndipo penye hoja yangu. Silinda isipochoma, hewa inaingia na kutoka kwenye ekzosi na oksijeni yake yote. Sensa inaiona, inaripoti kwamba hewa imezidi. Ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo! Mjumbe kaleta habari, wao wakamng'oa mjumbe. Mara mbili.

Darasani tunafundishwa kwamba mtoto akipata 20 kwenye hesabu, hiyo alama inakuonyesha pa kuanzia kutafuta. Haikuambii sababu. Labda ana njaa, labda haoni ubaoni, labda mwalimu ndiye tatizo. Kodi ya gari ni hivyo hivyo. Na kuchomoa betri ili taa izime ni sawa na kuchana ripoti ya shule.

Sisemi mafundi ni wezi. Wapo wanaosikia injini kwa masikio wakakuambia ugonjwa kabla simu yako haijawaka. Ninachosema ni kwamba mwenye gari asitoe hela kabla hajaiona kodi kwa macho na kuiandika, na kabla hajauliza swali moja: "Fundi, umehakikishaje?" Anayejibu swali hilo vizuri, mpe kazi bila wasiwasi.

Na usiseme gari yako ni ya zamani. Marekani iliweka sharti la mfumo wa OBD-II kwa gari ndogo zote kuanzia za modeli ya 1996, lakini Toyota nyingi za kabla ya hapo zina kiboksi chini ya boneti. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, unahesabu taa inavyokonyeza. Kwa mfano ikikonyeza mbili, ikatulia kidogo, kisha mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji au waya wake.

Ila tahadhari: ile taa ya njano ikipepesa wakati unaendesha, punguza mwendo na usimame mahali salama, maana petroli isiyoungua inaunguza katalisti. Na taa nyekundu ya oili si mambo ya kujaribu jaribu. Simama salama uzime injini hapo hapo.

Mjomba sasa ana daftari la kodi kwenye droo ya gari, na mimi ananiita Mwalimu hata kabla sijamaliza chuo. Wenye gari, mlishauziwa spea ngapi ambazo hazikuwa na kosa? Nawasilisha.