Kofia ya Pili i Wapi?

Kila mwaka, zinapoanza siku za mwezi wa Agosti, watu wa Tanga, wa Pwani na wa Dar es Salaam hufunga safari kwenda Morogoro kwa ajili ya maonyesho ya Nane Nane, ambayo kwa mikoa hiyo mitatu pamoja na Morogoro yenyewe hufanyika katika viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere. Jina lake ni maonyesho ya wakulima, na mkulima kweli yumo: mna mbegu, mna ng'ombe, mna matrekta, mna mdalasini na pilipili manga kutoka milima ya Uluguru. Lakini atakaye kujua vijana wamekwenda wapi, na aende penye mabanda ya pikipiki.

Nasi tulikwenda. Hatukwenda kulaumu, tulikwenda kununua. Jamaa yetu mmoja alikuwa amekusanya fedha zake apate pikipiki ya kumpa kijana kwa mkataba, yaani kijana alete hesabu kila juma mpaka muda utimie, kisha chombo kiwe chake. Biashara hii sasa imeingia katika nyumba nyingi za pwani, na haina ubaya ikiwa mapatano ni ya haki. Basi tukazunguka. Pikipiki zilikuwa zimepangwa zikimeta, za India na za Uchina, na vijana wamezizunguka kama watu waliokuja kutazama bibi harusi. Huyu apanda, huyu ashika usukani, huyu ainama kutazama injini. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akatueleza nguvu za injini, ulaji wa mafuta na upatikanaji wa vipuri. Mwisho tukafika kwenye meza ya mavazi: majaketi, glovu, miwani, kinga za magoti, na zile kofia ngumu ambazo wengi huziita helmeti, za kila rangi.

"Chagua kofia, sheikh," akasema yule kijana. "Moja twakupa pamoja na pikipiki."

"Ahsante, mwanangu. Na ya abiria?"

Akatabasamu. "Sheikh wangu, abiria huwa hawavai."

Waliokuwa karibu wakacheka, na jamaa yetu naye akacheka pamoja nao. Zile shilingi ambazo zingeinunua kofia ya pili akanunulia taa za rangi na redio ya kufunga kwenye usukani.

Siku ile tulinyamaza. Leo hatunyamazi, kwa sababu kicheko kile ndicho kinachotuua.

Asidhani msomaji kwamba tunaichukia pikipiki. Aliyepata kupanda milima ya Uluguru ajua neema iliyoletwa na chombo hiki. Ukitoka Bigwa ukapita Kiroka hadi Mkuyuni, kisha ukapanda kwenda Kinole, utaona njia ambazo akina mama walikuwa wakizishuka kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani. Leo mkungu washuka kwa pikipiki, na mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku ashuka kwa pikipiki. Mwenye kuitukana neema hiyo hana shukrani. Lakini neema ina haki zake, na haki ya kwanza ya chombo cha kupakia watu wawili ni kwamba wote wawili wafike salama.

Na tujue kwanza kofia yenyewe ni kitu gani, maana wengi waidhania kuwa ni bakuli la plastiki la kumridhisha askari wa barabarani. Ndiyo sababu twaona dereva ameitundika mkononi au kwenye kioo, na amwonapo askari mbele huivaa. La, hasha. Gamba lake la nje hukitawanya kishindo. Ndani ya gamba mna tabaka nene la povu gumu, jamii ya lile jeupe linalowekwa ndani ya maboksi ya televisheni. Kichwa kinapopiga chini, povu lile husagika, na kwa kusagika kwake hukipunguza kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo. Kwa hiyo kofia isiyokuwa na povu ni pambo tu, na kofia iliyokwisha kupiga chini kwa nguvu haifai tena hata ikionekana nzima kwa nje. Na kofia isiyofungwa mkanda chini ya kidevu hutoka kichwani kabla mtu hajafika chini, ikamwacha kama asiyevaa kitu.

Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuzipima pamoja walitoa hesabu kwamba kofia humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kufa katika ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69. Je, ubongo wa dereva ni wa nyama na ubongo wa abiria ni wa jiwe? Ikiwa mmoja wao astahiki kinga hiyo, mwingine amekosa nini?

Sasa tuzitazame nyudhuru za watu, moja baada ya moja.

Wako wasemao: "Mlinzi ni Mwenyezi Mungu, na ajali iliyoandikwa haina kinga." Maneno ya kwanza ni kweli, nasi twayaamini. Lakini msemaji huyu mbona alifunga mlango wake jana usiku? Mbona aliifunga pikipiki yake kwa mnyororo alipokwenda kusali? Sote tulifundishwa chuoni habari ya yule Bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba kwa kudai kwamba amtegemea Mungu, naye Mtume, rehema na amani zimfikie, akamwamrisha amfunge kwanza, ndipo ategemee. Basi mtu huyu amfunga ngamia, bali mkewe hamfungi kofia. Chombo anakihifadhi kwa mnyororo, na mama wa watoto wake anamhifadhi kwa maneno. Huo si utegemezi kwa Mungu. Ni ubahili uliovaa kilemba.

Wako wasemao: "Twaenda hapo karibu tu, na mwendo ni mdogo." Hawa hawajapiga hesabu. Kichwa cha mtu aliyekaa juu ya pikipiki ki kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Hata kama pikipiki imesimama tuli, kichwa kikianguka kutoka kimo hicho hufika chini kwa mwendo unaokaribia kilomita 20 kwa saa. Na hiyo ni kuanguka tu, bado hatujatia mwendo wa pikipiki, wala lori, wala jiwe la njia ya mlimani.

Wako wasemao: "Kofia moja kuvaliwa na watu wengi ni uchafu, mtu atapata mba na chawa." Hili ni neno la maana, na dawa yake ipo: ni kitambaa chepesi chini ya kofia, na kuisafisha kofia na kuianika. Tutazame majirani zetu. Katika mji wa Kigali dereva wa pikipiki ya abiria hutembea na kofia mbili, moja yake na moja ya abiria, na abiria huivaa. Watu wa Kigali wana vichwa na nywele kama sisi. Tena dada zetu wamewazidi wengine katika jambo hili, kwa kuwa kitambaa wanacho tayari, nacho ni mtandio.

Na hapa twafika kwenye udhuru wanaotolewa wanawake wetu, na aghlabu wautoao ni wanaume: kwamba kofia ngumu haikai juu ya ushungi, na kwamba yaondoa haya. Haya ipi inayoondolewa na kitu kinachozidi kufunika? Mtandio mwepesi uliotandikwa vizuri, usio na pini wala fundo kubwa kisogoni, wakaa chini ya kofia bila taabu. Ni jambo la kulizoea, kama tulivyozoea miwani.

Lakini kofia peke yake haimalizi haki ya mwanamke juu ya pikipiki. Lipo jingine, nalo twaliona kila siku mijini mwetu: mama amekaa upande, baibui au kanga yapepea karibu na gurudumu la nyuma. Nguo ile ikishikwa na spoki au na mnyororo, humvuta mwenye kuivaa mpaka chini kabla dereva hajajua kuna nini. Wahindi walilifahamu hilo kwa sababu wanawake wao huvaa sari. Kanuni zao za vyombo vya moto za mwaka 1989 ziliamuru kila pikipiki yenye nafasi ya abiria iwe na mahali pa abiria pa kushika, mahali pa kuweka miguu, na kinga inayofunika si chini ya nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Sisi twanunua pikipiki za hao hao Wahindi, wake zetu huvaa mabaibui na kanga, na katika mazungumzo yote tuliyoyasikia pale Morogoro hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeuliza habari ya kinga ya nguo. Waliuliza redio. Na wako wanaoipata kinga hiyo juu ya pikipiki yao wakaing'oa wenyewe ili wapate kufunga keria ya mizigo. Gunia la mkaa limepata nafasi, na baibui la mama limeachiwa spoki.

Twawasikia baadhi ya wenzetu wakipaza sauti juu ya mwanamke kupanda nyuma ya dereva asiyekuwa maharimu wake. Maneno yao tumeyasikia. Basi na ampakie mumewe, na ampakie mwanawe, na ampakie kaka yake. Lakini watampakia kwa kofia ya nani? Mwanamume anayeona aibu mkewe kuonekana nyuma ya mtu mwingine, mbona haoni aibu mkewe huyo kulazwa hospitali kwa jeraha la kichwa ambalo lingeweza kukingwa kwa fedha alizonunulia taa za rangi? Waulizeni waliokwenda kuwazuru wagonjwa wao katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili wakasimulie hali za majeruhi wa pikipiki waliowakuta. Wamo waliokuwa madereva, na wamo ambao walipakiwa tu.

Umebaki udhuru wa mwisho, nao ni gharama. Mtu aliyetoa mamilioni ya shilingi kununua chombo hawezi kutuambia kwamba ameshindwa na bei ya kofia. Tena hapa twamwelekea hasa mwenye chombo, yule anayekaa baraza ya nyumba yake Tanga au Bagamoyo akingoja hesabu ya juma. Ndugu yetu, wewe umeandika katika mkataba kiasi cha hesabu, umeandika siku ya kuleta, umeandika nani atatengeneza ikiharibika. Je, umeandika kofia mbili? Kijana uliyempa chombo ni masikini. Lau angalikuwa na fedha asingalikuja kwako. Ukimwachia anunue mwenyewe kofia ya abiria, wajua kuwa hatanunua, maana hesabu yako ndiyo aiwazayo mchana na usiku. Faida ya safari zile waila wewe, na kila abiria anayepanda amepanda chombo chako. Hiyo ni amana. Usijidanganye kwamba iko shingoni mwa kijana peke yake kwa kuwa wewe hukushika usukani.

Basi kwa wote wanaoazimia kwenda Nane Nane au dukani kununua pikipiki, nasaha zetu ni hizi. Kabla hujatazama rangi, tazama gurudumu la nyuma: kinga ya nguo ipo? Kama haipo, idai, au mtafute fundi aifunge kabla chombo hakijabeba mtu. Kisha nenda meza ya kofia ukachukue mbili, na ya pili isiwe ya kudanganyia. Tia mkono ndani uhisi povu. Funga mkanda na uuvute. Ivae, utikise kichwa, isicheze. Tazama alama ya viwango: ya Shirika la Viwango Tanzania, au ile herufi E ndani ya duara inayowekwa kwenye kofia zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa, au ISI ya India. Ikiwa ni ya mkeo, nenda naye akaijaribu juu ya mtandio wake. Zikibaki fedha, nunua redio.

Na nyinyi akina mama na akina dada, msingoje. Dereva akikujieni na kofia moja, mwambieni: "Mwanangu, ya kwangu iko wapi?" Akicheka, mwacheni aende, mwite mwingine. Wakikataliwa mara kumi kwa siku, kesho watakuja na kofia mbili, na mwakani yule muuzaji wa Morogoro ndiye atakayekuwa wa kwanza kuwauliza wanunuzi kama wamekumbuka ya abiria.

Jamaa yetu yule, tulipofika nyumbani na pikipiki yake, mama yake mzazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupakiwa. Alikaa upande, na ushungi wake tu kichwani, na redio ikiimba. Alirudi salama, alhamdulillahi. Kesho yake tulimwambia mwanawe maneno yote haya mliyoyasoma, naye hakucheka tena. Alikwenda mjini akarudi na kofia ya pili.

Wabillahi taufiki.