Safari ya Wawili Haipangwi na Mmoja

Ukurasa wa mwezi huu nauandika nikiwa Didia, Shinyanga, nyumbani kwa mama mkwe, miguu imejaa vumbi na pembeni kuna sahani ya michembe. Niko hapa kwa sababu ya ugomvi. Tulia, nikusimulie.

Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita. Anaingia kazini wiki kadhaa, anatoka siku chache. Tuna miaka tisa ya ndoa, na katika miaka yote hiyo tumesafiri pamoja kwa mambo matatu tu: misiba, harusi za ndugu na Krismasi ukweni. Safari ya sisi wawili, bila mtu wa kuzika wala wa kuozesha, hatujawahi.

Basi mwaka huu nikasema hapana. Nikapanga kimyakimya. Kwanza niliitamani Kitulo, ile hifadhi ya Nyanda za Juu Kusini iliyotangazwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua yake. Uko mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, baridi kali, wawili mmejifunika koti moja! Kisha nikahamia Saadani, kati ya Bagamoyo na Pangani, ambako mbuga inakutana na Bahari ya Hindi. Asubuhi twiga, jioni mchanga wa pwani. Nikaandika bajeti, tarehe, hadi nguo za kuvaa.

Alipotoka kazini nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma, akasema, "Hayo mambo ya wazungu, mama watoto," akaenda kulala. Jamani! Siku mbili hatukusemeshana. Moyoni nikawa najiuliza: hivi huyu bado ananipenda, au kuna mwingine huko Geita?

Nikabeba watoto, nikaja Didia. Nilitegemea mama mkwe amkaripie mwanawe. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Ulimuuliza anataka nini?"

Nikanyamaza. Kumbe mwenzangu alishampigia mama yake simu. Alimwambia amechoka na barabara. Kutoka huku hadi Dar ni karibu kilomita 1,000, na Saadani bado mbele. Nusu ya likizo yake ingeishia kwenye kiti cha basi. Tena karatasi yangu ilikuwa imekula fedha za mabati ya nyumba, bila kumuuliza. Alichokataa ni kupangiwa. Mimi niliyesomea mawasiliano chuo kikuu sikuwa nimewasiliana!

Lakini bibi huyu hakumwacha mwanawe salama. Alimpigia mbele yangu. "Baba, ngitili inafungwa wakati majani bado yapo. Ukisubiri ng'ombe wakonde, unafunga nini?" Kwa wasioijua, ngitili ni kipande cha malisho ambacho Wasukuma hukitenga wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili kiangazi kikifika pawe na majani. Upande wa pili wa simu kukawa kimya. Kisha akasema, "Mpe simu mke wangu."

Tukapanga upya, safari hii kwa midomo miwili. Mimi nimeiachia bahari, yeye ameachia mabati kwa miezi miwili. Tunakwenda Rubondo, kisiwa kilichoko Ziwa Victoria, mkoa uleule wa Geita anakofanyia kazi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kuna nzohe, tembo, twiga, na furukombe wanaolia juu ya maji. Simba hakuna, ila viboko na mamba wapo, kwa hiyo ziwa tutalitazama tu, kuogelea hapana. Wapo pia sokwe, vizazi vya wale walioletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka kwenye vizimba vya Ulaya wakafunguliwa msituni. Walijifunza upya kutafuta matunda na kujenga viota. Nami nasema, kama wao waliweza kuanza upya, sisi je?

Ukitaka kutuiga, sikia haya. Piga simu TANAPA mapema uulize habari za boti, kwani bila boti hakuna Rubondo. Wengi huvukia Nkome au Kasenda. Ulizia mabanda ya hifadhi, ni nafuu kuliko hoteli. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Vaa nguo za rangi hafifu, mbung'o hupenda bluu na nyeusi. Na kabla ya yote, kaeni wawili na karatasi tupu, kila mmoja aseme kitu kimoja anachokitaka na kimoja asichoweza kukipoteza.

Watoto wanabaki na bibi yao. Alhamisi napanda basi hadi Mwanza, nivuke daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, na mwenzangu atanipokea stendi ya Geita. Usiku tatu tu, si haba. Jana usiku akanitumia ujumbe: "Usisahau koti, ziwani kuna upepo." Nimeusoma mara tano, mwenzenu.

Tukutane mwezi ujao. Na wewe, ngitili yenu mmeifunga lini?