Mwambie mtoi yote, hata ile ya nguo

Wiki jana nilikuwa saiba hapa Kaloleni, nikapata mtoi wa Gredi ya 5 amekuja kuchapishiwa picha. Kazi ya shule: shujaa mwanamke wa Kenya. Picha ya Wangari Maathai, shilingi 10, kata, bandika, umemaliza. Nikamuuliza, "Huyu alifanya nini?" Akanijibu, "Alipanda miti." Basi.

Si makosa yake. Sisi ndio tunawapa watoto jina na picha, halafu sehemu kali ya hadithi tunaificha.

Chukua Muthoni Nyanjiru. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande, kodi na wasichana kulazimishwa kufanya kazi kwa mashamba ya wazungu. Tarehe 16, maelfu ya watu walijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi. Wanaume waliotumwa kuongea na serikali wakarudi wakisema watu waende nyumbani. Nyanjiru akatoka mbele, akainua nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue hiyo nguo wampe suruali zao, maana ni waoga. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa hoteli ya Norfolk nao wakapiga. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka.

Barabara hiyo leo inaitwa Harry Thuku. Mimi nilipita hapo mihula mitatu kabla karo initoe chuo, na jina la Nyanjiru sikuwahi kulisikia.

Najua utasema: mwalimu atamwambiaje mtoto kwamba mama aliinua nguo? Amwambie tu vile ilikuwa. Kwa Wakikuyu, mama kujifunua mbele ya wanaume haukuwa mchezo. Ilikuwa tusi na laana, silaha ya mtu ambaye hana bunduki. Mtoto wa Eastlands ameona mambo mazito kuliko hayo hapa mtaani. Ataelewa.

Na silaha hiyo haikuzikwa na Nyanjiru. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama walianza kugoma kula Uhuru Park wakitaka wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo. Yule Wangari wa picha ya shilingi 10 alikuwa nao, akapigwa hadi akazirai. Hiyo ndiyo hadithi yule mtoi alifaa kubeba shuleni, pamoja na miti yake.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kama una mdogo wako, panda naye mathree ya Jogoo Road hadi tao. Tembeeni mpaka Harry Thuku Road, msimame karibu na Central, umwambie yote. Akikuuliza mbona barabara haikupewa jina la Nyanjiru, usimjibu. Hilo swali amwachie mwalimu Jumatatu.