Mama Anyonyeshaye Asiumie Wala Asione Haya

Juma la Unyonyeshaji limekuwa likiadhimishwa duniani tangu mwaka 1992, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti. Kwetu Igowole siku hizo ni za baridi na ukungu. Hotuba za kusifu maziwa ya mama tumezisikia sana, na zinasema kweli. Lakini mama mwenye blauzi iliyolowa na chuchu zilizopasuka hotuba haimfai kitu. Ndipo uji unapoanza kupikwa mtoto akiwa na miezi mitatu, ingawa maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, humtosha hadi miezi sita.

Kwa maoni yetu, akina mama wengi wanaoacha mapema hawakuishiwa maziwa. Wameshindwa na maumivu na haya.

Tuanze na maumivu. Mara nyingi chuchu hupasuka kwa sababu mtoto ameshika ncha tu. Mama akae ameegemea vizuri, amlete mtoto kwenye titi, asimwinamie. Kidevu kiguse titi, mdomo uwe wazi kabisa, na sehemu kubwa ya duara jeusi iingie mdomoni. Bado inauma? Asimchomoe kwa nguvu. Apitishe kidole kisafi pembeni ya mdomo wa mtoto, kisha waanze upya. Akimaliza, apake matone ya maziwa yake mwenyewe kwenye chuchu na kuacha zikauke. Kuzisugua kwa sabuni kila mara kunazikausha na kuzipasua zaidi. Titi likiwa jekundu, gumu, na mama ana homa, aendelee kutoa maziwa na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hapa hatuwezi kunyamaza juu ya jambo moja, maana mkoa wetu wa Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya virusi vya UKIMWI. Mama anayeishi na virusi na kumeza dawa zake kila siku ananyonyesha kama wenzake. Lakini titi lililopasuka na kutoa damu, au lenye jipu, alikamue na kuyamwaga maziwa hayo. Mtoto anyonye titi lililo zima, na mama awahi kliniki.

Kuhusu kulowa, dawa iko sandukuni. Shuka kuukuu la pamba likatwe vipande, kila kimoja kikunjwe mara nne na kuwekwa ndani ya sidiria. Kikilowa kibadilishwe, kwani kitambaa kibichi katika baridi ya Mufindi ni mateso, na chuchu hulainika na kuchubuka. Nailoni haifai. Miezi ya mvua, nguo zisipokauka, pasi ya mkaa itamaliza kazi. Maziwa yakianza kutiririka mbele za watu, mama akunje mikono na kukibana kifua kidogo kwa viganja, yatatulia. Blauzi ya vifungo mbele na kitenge chenye maua mengi huficha alama. Nyeupe tupu ingojee kidogo. Na jiko la mkaa lisiachwe likiwaka ndani ya chumba kilichofungwa ati mama na mtoto wapate joto. Linaua.

Sasa mashamba ya chai. Mchumaji anayerudi kazini huondoka alfajiri, na ifikapo mchana matiti yamejaa hadi yanauma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kisha inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Wangapi wameambiwa hivyo? Tunaona wasimamizi wangepaswa kulitangaza jambo hili wenyewe. Mama aoshe mikono na avue aproni ya shambani kabla ya kumshika mtoto. Kama nyumbani ni mbali, akamue asubuhi katika chombo kilichochemshwa chenye kifuniko. Kiwekwe mahali pa ubaridi, na maziwa yatumike ndani ya muda wa saa nne. Bibi amnyweshe mtoto kwa kikombe. Chupa ni ngumu kuisafisha. Baba naye anaweza kufua vitambaa. Hatujasikia aliyeumwa kwa kufua.

Mwisho, kanisani. Januari 2014 Papa Fransisko, akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, aliwaambia akina mama wawanyonyeshe watoto wenye njaa pale pale. Basi kwetu mama asilazimike kutoka nje kwenye manyunyu. Tunaomba kila kigango kitenge benchi moja lenye egemeo, upande usio na upepo, na anayependa kugeuka nyuma kutazama atazame altare.